Waliohojiwa Waliruhusiwa Kujibu Nini?

Kila kura ya maoni inapotangazwa jijini Nairobi, mabishano hupita njia ile ile, na kadiri tunavyousogelea uchaguzi wa Agosti 10, 2027 ndivyo yatakavyozidi kupita hapo. Aliyewekwa nyuma huuliza utafiti umelipiwa na nani, kisha hutaka kujua watu 2,400 wamepata wapi idhini ya kulisemea taifa lililohesabiwa kuwa na watu 47,564,296 mwaka 2019, kisha mtu hupiga simu kwenye kipindi cha asubuhi redioni na kuapa kwamba yeye, mkewe na ploti nzima hawajawahi kuhojiwa tangu wapate vitambulisho. Aliyewekwa mbele hujibu kwa kutaja kiwango cha makosa, asilimia mbili juu au chini, kana kwamba nambari hiyo imefunga kesi. Ni nadra sana kumsikia yeyote akiuliza wahojiwa walisomewa majibu gani ya kuchagua, yalikuwa mangapi, yalifuatana vipi, na aliyetaka kusema jambo lisilokuwamo kwenye orodha alifanywaje.

Hoja yangu ni kwamba maswali hayo yaliyosahaulika ndiyo yenye uzito. Sampuli iliyochaguliwa vizuri ni tatizo ambalo wanatakwimu walilipatia ufumbuzi zamani, na kampuni zetu nyingi za utafiti zinaujua ufumbuzi huo. Orodha ya majibu, kinyume chake, ndiyo sehemu ya hojaji inayotungwa kwa haraka zaidi, mara nyingi kwa kunakiliwa kutoka hojaji nyingine iliyonakiliwa kwingine, ilhali inaweza kusogeza matokeo kwa kiasi kinachoufanya ule ukingo wa asilimia mbili uonekane kitu kidogo. Hili halihusu siasa pekee. Linahusu tafiti za afya, za elimu, za kuridhika kwa wateja, na rundo la tasnifu zinazowasilishwa kila mwaka katika vyuo vikuu vya humu nchini.

Mfano ulio wazi zaidi tunao kwenye sensa. Ile ya 2009 iliripoti kwamba asilimia 3.5 ya Wakenya walikuwa na ulemavu. Ya 2019 ikaripoti asilimia 2.2. Hakuna tiba wala sera iliyopunguza ulemavu kwa kiasi hicho katika miaka kumi. Kilichobadilika zaidi ni namna ya kuuliza na kujibu. Mwaka 2009 karani aliuliza mtu ana ulemavu wa aina gani, akaweka alama kwenye orodha. Mwaka 2019 Shirika la Kitaifa la Takwimu lilifuata mtindo wa Kundi la Washington la Takwimu za Ulemavu: mtu anaulizwa kama anapata ugumu wa kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia au kuwasiliana, na kwa kila kimoja anachagua kati ya hakuna ugumu, ugumu kiasi, ugumu mkubwa, au hawezi kabisa. Waliohesabiwa katika ile asilimia 2.2 ni wenye umri wa miaka 5 na kuendelea waliotoa mojawapo ya majibu mawili ya mwisho. Mzee anayetembea kwa shida lakini akajikaza mbele ya karani na kusema ni ugumu kiasi tu hayumo. Sisemi mtindo mpya ni mbaya. Kwa kweli una faida kubwa, kwa sababu haumlazimishi mtu kujiita mlemavu ili ahesabiwe. Ninachosema ni kwamba mwandishi wa habari aliyeziweka takwimu hizo mbili kando kwa kando na kuandika kwamba ulemavu umepungua alikuwa akiripoti mabadiliko ya hojaji. Sensa hiyo hiyo iliongeza jibu la tatu kwenye swali la jinsia, na kwa mara ya kwanza Kenya ikawa na hesabu ya huntha: watu 1,524. Huntha walikuwapo mwaka 2009 pia, ila hapakuwa na kisanduku chao.

Ili kuelewa tumefikaje hapa, inafaa kurudi kwa mtu ambaye jina lake hutajwa katika karibu kila pendekezo la utafiti wa shahada ya uzamili. Mwaka 1932 Mmarekani Rensis Likert alichapisha kazi kuhusu upimaji wa mitazamo, akitumia majibu matano yaliyoanzia kuunga mkono kwa nguvu hadi kupinga kwa nguvu, na katikati akaweka jibu la mtu ambaye hajaamua. Watu wameshika idadi ya majibu na kuacha mengine yote. Likert hakukusudia sentensi moja yenye majibu matano iitwe kipimo. Alikusanya sentensi nyingi kuhusu jambo moja, akazijaribu kwa wahojiwa, akatupa zile zisizoenda sambamba na jumla, kisha akajumlisha alama za zilizobaki. Ile jumla ndiyo iliyokuwa skeli. Tena alishauri sentensi zielekee pande zote mbili, nyingine zikisifu na nyingine zikilaumu, ili mtu anayekubali kila kitu agundulike. Vizuizi hivyo vyote vilikuwa vya kumlinda mtafiti dhidi ya udhaifu ambao majibu ya aina hii huja nao, na vyote vimeachwa njiani.

Fungua sura ya nne ya tasnifu nyingi za biashara, uongozi au elimu zilizoandikwa humu nchini na utakutana na jedwali lile lile: sentensi kumi, zote zikisifu, kila moja na wastani wake hadi desimali mbili, na chini yake maelezo kwamba wahojiwa walikubali kwa kiwango kikubwa kwamba uongozi bora huathiri utendaji. Nani angekataa? Mwanafunzi hana lawama sana. Amepewa hojaji ya mwenzake aliyetangulia, msimamizi wake alihitimu kwa jedwali kama hilo, na yule kijana wa saiba anayemfanyia uchambuzi kwa malipo anajua kubonyeza vitufe vichache tu. Wapo wanaokemea zaidi kosa la kupiga wastani wa majibu ambayo kimsingi ni mpangilio wa daraja, kwa kuwa hakuna ajuaye kama umbali kati ya nakubali na nakubali kabisa ni sawa na umbali kati ya sikubali na sina hakika. Ubishi huo ni halali, lakini kwangu ni wa pili. Wastani wa majibu mabaya hautaponywa kwa kutumia hesabu nyingine.

Kwamba majibu yanayotolewa humfundisha mhojiwa namna ya kujibu si nadharia tupu. Mwaka 1985 Norbert Schwarz na wenzake waliwauliza Wajerumani hutazama televisheni saa ngapi kwa siku. Kundi moja lilipewa orodha iliyoanza na nusu saa na kuishia kwa zaidi ya saa mbili na nusu. Kundi la pili lilipewa orodha iliyoanza hapo kundi la kwanza lilipoishia, saa mbili na nusu, ikapanda hadi zaidi ya saa nne na nusu. Katika kundi la kwanza asilimia 16.2 walisema hutazama zaidi ya saa mbili na nusu. Katika la pili walikuwa asilimia 37.5. Hakuna aliyedanganya. Ni watu wachache wanaoweka hesabu ya saa zao mbele ya televisheni, kwa hiyo walitazama orodha, wakadhani kwamba katikati yake ndipo walipo watu wa kawaida, wakajiweka karibu na hapo. Mwaka 1991 Schwarz na wenzake walionyesha jambo la ajabu zaidi. Waliuliza watu wamefanikiwa kiasi gani maishani, kwa mizani ya hatua kumi na moja yenye maneno yale yale mwanzoni na mwishoni. Nambari zilipokuwa za 0 hadi 10, asilimia 13 walijiweka kwenye nusu ya chini, yaani kati ya 0 na 5. Nambari zilipokuwa za kuanzia hasi 5 hadi chanya 5, waliojiweka kwenye nusu hiyo hiyo walikuwa asilimia 34. Sifuri humwambia mtu kwamba hakufanikiwa. Hasi humwambia kwamba ameshindwa, na asiyefanikiwa sana hatataka kujiweka karibu na kushindwa.

Hapa kwetu nambari zina mzigo wao pia. Niliwahi kufuatana na wahojaji mtaani Kayole, nikiwa nimeombwa kuangalia hojaji inavyopokelewa. Kijana mmoja wa bodaboda alielezwa kwamba 5 ni kuridhika sana na 1 ni kutoridhika kabisa, akaitikia kwamba ameelewa, kisha alipoulizwa kuhusu barabara mpya akasema kwa furaha, "Hiyo ni namba moja." Mhojaji akabonyeza 1. Mtu aliyekua akisikia kwamba mtoto wa fulani amekuwa nambari moja darasani hawezi kutarajiwa kugeuza maana ya maisha yake yote kwa ajili ya mahojiano ya nusu saa. Ngazi ya Hadley Cantril, iliyoenea tangu kitabu chake cha 1965, ambamo mtu huonyeshwa ngazi yenye vidato na kuulizwa anajiona amesimama kidato gani cha maisha, hustahimili vizuri zaidi kwa sababu hakuna anayehitaji kuambiwa kipi kiko juu.

Asubuhi hiyo hiyo mama mmoja alisomewa sentensi zaidi ya ishirini mfululizo, zote za kukubali au kukataa. Karibu na mwanzo alikubali kwamba viongozi wa mtaa wake huwasikiliza wananchi. Kuelekea mwisho alikubali kwamba viongozi wa mtaa wake hawana haja na wananchi. Kati ya sentensi hizo mbili maji yalikuwa yamefika kwenye bomba la ploti, na kila mkazi wa Kayole anajua maana ya hilo; majibu ya mama huyo yalifupika, macho yakahamia kwenye mitungi, na mara moja akamwuliza binti aliyeshika kishikwambi, "We mwanangu, wataka niseme ngapi?" Jon Krosnick alieleza hali hii mwaka 1991: kujibu swali vizuri kunahitaji kuelewa, kukumbuka, kupima na kisha kulinganisha na orodha, na mtu aliyechoka au asiyeona faida huruka hatua hizo na kuchukua jibu la kwanza linalofaa. Penye majibu ya kukubali na kukataa, jibu linalofaa kila mara ni kukubali. Ongeza kwamba mhojaji amekuja na kitambulisho shingoni na barua ya chifu, ameketishwa, ni mgeni, na adabu inakataza kumbishia mgeni. Hayo ndiyo mazingira ambamo sehemu kubwa ya takwimu zetu za mitazamo huzaliwa.

Dawa yake inajulikana na ni rahisi. Badala ya kumsomea mtu sentensi kwamba huduma za zahanati ni nzuri na kumtaka akubali au akatae, mwulize huduma za zahanati zikoje: nzuri sana, nzuri, mbaya au mbaya sana. Hapo hakuna jibu la adabu. Utafiti wa Saris, Revilla, Krosnick na Shaeffer wa mwaka 2010 ulilinganisha mitindo hiyo miwili na kukuta kwamba ule wa kuuliza jambo lenyewe hutoa vipimo bora. Afrobarometer, mtandao ulioanza mwaka 1999 na ambao Kenya iliingia katika awamu yake ya pili mwaka 2003, umekwenda mbali zaidi katika baadhi ya maswali yake. Mhojiwa husomewa kauli mbili zinazopingana, zote zikiwa za kuheshimika, akachagua iliyo karibu na maoni yake, kisha huulizwa kama anakubaliana nayo tu au anakubaliana nayo kwa nguvu. Mwenye tabia ya kuitikia hana pa kuitikia, maana lazima achague. Nimesikia wahojaji wakilalamika kwamba mtindo huo ni mrefu na kwamba wazee huomba kauli ya kwanza irudiwe. Ni kweli. Lakini mzee anayeomba kurudiwa anafikiri, na hicho ndicho kinachotafutwa.

Suala gumu kuliko yote ni la katikati. Howard Schuman na Stanley Presser, katika majaribio waliyoyachapisha mwaka 1981, walikuta kwamba ukimpa mtu jibu la katikati waziwazi, wanaolichagua huongezeka kwa kawaida kwa pointi za asilimia kati ya 10 na 20 kuliko ukimwachia alitaje mwenyewe. Wapo wanaosema basi liondolewe, kwa kuwa ni maficho ya wavivu. Wengine husema kuliondoa ni kumlazimisha mtu adanganye. Mimi naona tatizo liko mapema zaidi, kwenye kuchanganya watu watatu katika kisanduku kimoja: mwenye maoni ya wastani kweli, asiyelijua jambo, na anayelijua lakini hataki kusema. Katika hojaji zetu wote watatu huandikwa 3, kisha 3 yao huingizwa kwenye wastani kana kwamba wote wamesimama katikati ya barabara. Na asiyelijua jambo akinyimwa nafasi ya kusema hajui, hubuni. Mwaka 1980 George Bishop na wenzake walichapisha matokeo ya kuwauliza watu wa eneo la Cincinnati kuhusu sheria ambayo haikuwahi kuwapo. Karibu theluthi moja walitoa maoni. Nikisoma kwamba Wakenya wengi wanaunga mkono kifungu fulani cha mswada wa fedha, swali langu la kwanza ni kama walipewa nafasi ya kusema hawajausoma.

Jibu la katikati lina siasa yake pia. Swali linalopendwa na vichwa vya habari, kwamba nchi inaelekea pazuri au pabaya, lina majibu mawili tu ya wazi. Mwenye duka Githurai anayefurahia barabara na kuumia kwa bei ya unga analazimika kuchagua kipi kimpe jibu siku hiyo, na mara nyingi kitakachochagua ni kile alichoulizwa kabla yake. Swali hilo lina thamani kwa sababu limeulizwa kwa miaka mingi kwa maneno yale yale, na mwenendo wake husema kitu. Takwimu yake ya mwezi mmoja, ikitolewa peke yake na kuwekewa herufi kubwa, inasema kidogo sana.

Kutokana na hili hutokea hoja yenye nguvu zaidi dhidi yangu, na naiheshimu. Wanaosimamia tafiti za mfululizo husema kwamba ukibadilisha orodha ya majibu unakata uzi: huwezi tena kulinganisha mwaka huu na miaka iliyopita, wala Kenya na Tanzania au Ghana. Swali lenye kasoro inayojulikana, wakasema, ni bora kuliko swali zuri lisilo na historia. Mkanganyiko wa ulemavu nilioutaja unawaunga mkono. Jibu langu ni kwamba hoja hiyo inawafaa wenye uzi wa kukata. Mwanafunzi anayeanza utafiti wake wa kwanza, kaunti inayotaka kujua wakazi wanaionaje huduma ya taka, shirika linalopima mradi wake wa miaka mitatu, hawa hawana historia ya kulinda, lakini ndio wanaojitetea zaidi kwa neno skeli sanifu. Wenye mfululizo wa kweli nao wanaweza kuweka mitindo yote miwili kwa wakati mmoja kwa mzunguko mmoja, nusu ya wahojiwa huku na nusu kule, wakajua tofauti ni kiasi gani kabla ya kuhama.

Hoja ya pili ni ya gharama na muda, nayo ina ukweli wake: gridi ya sentensi ishirini husomwa haraka kuliko maswali ishirini yenye majibu tofauti. Ila kasi hiyo ndiyo iliyomfanya yule mama wa Kayole akubali mambo mawili yanayopingana, kwa hiyo muda uliookolewa ulinunua majibu ya kutupwa. Maswali kumi yaliyojibiwa yangetosha.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayosikika zaidi, kwamba ongeza sampuli na mambo yatanyooka. Watu 1,200 hutoa kiwango cha makosa cha asilimia tatu hivi. 2,400 hutoa mbili. Ili ufikie moja unahitaji karibu 9,600, yaani mara nne zaidi kwa faida ya nusu. Lakini hata ukiwahoji Wakenya wote, kosa linalotokana na orodha ya majibu halipungui hata chembe, kwa sababu kila mmoja wao amesomewa orodha ile ile. Mfano mzuri ni sensa yenyewe, ambayo haina sampuli kabisa na bado idadi ya walemavu ilishuka kwa kubadilishwa swali. Mizani ya duka iliyopinda haitanyooka kwa kupima magunia mengi zaidi. Itakupa tu uhakika mkubwa wa uzito usio sahihi. Jamaa wa karibu wa hoja hii ya sampuli ni dai kwamba mtu mkweli atajibu sawa hata ukimwuliza vipi. Kwa mambo aliyoyaamua zamani, kama dini yake au timu yake, ni kweli. Kwa yale ambayo hojaji nyingi huyauliza, kama ubora wa huduma, imani kwa taasisi au kuridhika na maisha, mtu huunda jibu pale pale alipoketi, kwa vifaa alivyopewa pale pale.

Simu imeleta tatizo jipya juu ya la zamani. Tangu janga la Korona la mwaka 2020 tafiti nyingi za Nairobi zimehamia kwenye simu na ujumbe mfupi, na ni vigumu kulaumu uamuzi huo ukitazama nauli na usalama wa wahojaji. Hata hivyo majaribio ya Krosnick na Duane Alwin yaliyochapishwa mwaka 1987 yalionyesha kwamba anayesoma orodha huvutwa na majibu ya mwanzoni, na nadharia yao inatarajia kinyume kwa anayesikiliza, kwamba huvutwa na ya mwishoni, yaliyobaki masikioni. Majibu saba yanayosomeka vizuri kwenye karatasi hayashikiki kwa mtu aliye ndani ya matatu yenye muziki. Kwa ujumbe mfupi wa herufi 160, swali na majibu yake lazima viishi kwenye chumba kimoja, na kinachokatwa kwanza huwa ni maelezo ya majibu, hadi mhojiwa anabaki na 1 hadi 5 zisizo na maana. Kisha matokeo ya simu yanawekwa kwenye grafu moja na ya ana kwa ana ya miaka iliyopita, na mstari ukipinda tunaambiwa maoni ya wananchi yamebadilika. Simu inataka majibu yagawanywe kwa hatua: kwanza umeridhika au hukuridhika, kisha sana au kiasi. Hatua mbili fupi hushikika kuliko moja ndefu.

Yapo pia mambo ambayo orodha nzuri haitoshi. Uchaguzi wa 2022 ni kielelezo. Kura nyingi za maoni za mwisho zilimweka Raila Odinga mbele, na tume ikamtangaza William Ruto mshindi kwa asilimia 50.49 dhidi ya 48.85. Mengi yamesemwa kuhusu sababu, na sidai kwamba jibu ni moja. Lakini ukitazama ripoti za wakati ule utaona kundi la wasioamua na waliokataa kusema, na hayo ni makundi mawili tofauti kabisa. Asiyeamua huenda asipige kura. Anayekataa kusema mara nyingi ameamua kitambo, na sababu ya kunyamaza ni mahali anapoishi au jina la anayemhoji. Kuwagawa wote kwa uwiano wa waliojibu ni kudhani kwamba ukimya hauna upande. Kwa mambo ya aina hii watafiti wametunga njia za kumpa mhojiwa kivuli. Mtafiti Eric Kramon alitumia mojawapo hapa Kenya kuchunguza ununuzi wa kura: nusu ya wahojiwa husomewa orodha fupi ya mambo, nusu nyingine orodha hiyo hiyo iliyoongezwa kipengele cha kupewa chochote na mgombea, na kila mtu hutaja idadi tu ya yaliyomkuta bila kusema ni yapi. Tofauti ya wastani wa makundi hayo mawili hufichua kiasi cha ununuzi bila mtu hata mmoja kukiri. Njia hii inakula sampuli na haimfai kila mtu, lakini inaonyesha kwamba jinsi ya kujibu inaweza kutungwa kwa kufikiria hofu ya mhojiwa.

Kwa vyumba vya habari, Sheria ya Uchapishaji wa Kura za Maoni za Uchaguzi ya 2012 tayari inataka watu waambiwe nani alifadhili, nani aliendesha, lini, kwa watu wangapi na kwa kiwango gani cha makosa. Mhariri anaweza kudai pia orodha kamili ya majibu kama ilivyosomwa, kwa Kiswahili au lugha yoyote iliyotumika mashinani, pamoja na maelezo ya jinsi wasiojua na waliokataa walivyohesabiwa. Hilo ni ukurasa mmoja, na kampuni yoyote makini inao kwenye faili. Kwa vyuo, ningeanza kwa kuomba kila pendekezo la utafiti lieleze ni kwa nini majibu ni matano, kwa nini yameanza na lililoanza, na wahojiwa wa majaribio walielewa nini waliposikia kila moja. Kumi tu wanaoombwa kufikiri kwa sauti wakijibu hufichua makosa mengi kuliko siku nzima ya kutafuta alfa ya Cronbach, ile nambari inayoonyesha kama maswali ya kundi moja yanaenda sambamba. Sensa ijayo itakapofika mwaka 2029, Shirika la Takwimu litakuwa na uamuzi wa kufanya kuhusu ulemavu, na lolote litakaloamua, wale wenye ugumu kiasi wanastahili kuchapishwa kama safu inayojitegemea, ili kaunti ijue itawahitaji wahudumu wangapi miaka ya usoni.

Na jaribio lenyewe la kulinganisha mitindo sasa ni karibu bure. Zamani kuwagawa wahojiwa nusu kwa nusu kulimaanisha kuchapa hojaji za rangi mbili na kuomba Mungu wahojaji wasizichanganye. Leo programu za vishikwambi kama ODK na KoBoToolbox, ambazo wahojaji wa Nairobi huzitumia kila siku, hufanya hivyo kwa mstari mmoja wa maagizo: kifaa chenyewe huchagua nani asomewe mtindo upi na kurekodi chaguo hilo. Kampuni itakayotangaza mwezi ujao kwamba asilimia fulani ya Wakenya wanaikubali serikali inaweza, kwa gharama ile ile na wahojiwa wale wale, kutuambia pia asilimia hiyo ingekuwa ngapi kama majibu yangepangwa vingine. Tofauti ikiwa ya pointi moja, mjadala huu umekwisha na nitafurahi. Ikiwa ya kumi, vichwa vya habari vya wiki hiyo vitahitaji kuandikwa upya.